Siku Abti Bishar Alipowatupa Wafalme

Abti Bishar, ndugu wa mama yangu, ana vidole tisa na nusu. Nusu inayokosekana ilibaki Buna, kwenye kamba ya kisima, alipokuwa mdogo akinywesha ngamia wa babu. Nimeanza na vidole kwa sababu vidole ndiyo kazi yake. Abti ni dalali wa mifugo katika soko la Garissa, na pale bei haisemwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi wanapeana mikono, wanaifunika kwa shuka, halafu wanabonyezana vidole humo ndani. Kidole kimoja ni kiasi fulani, viwili ni kiasi kingine, na watu hamsini waliosimama kando hawajui lolote. Wenzake humtania kwamba Bishar ndiye dalali wa pekee anayempa mteja punguzo kabla hajaliomba, maana akikupa vidole vitatu unapata viwili na nusu.

Kuna adabu moja chini ya shuka ile. Anayetoa mkono kwanza, yaani kuuchomoa kabla bei haijapatikana, amemvunjia mwenzake heshima. Ni kama kumwambia kwamba fahali wake hafai hata kuzungumziwa. Kwa hiyo mkono unabaki humo, vidole vinapanda na kushuka, mpaka bei ipatikane au wote wawili waachane kwa pamoja wakicheka. Abti aliwahi kushikana mkono na mnunuzi mmoja kutoka Thika tangu chai ya saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Yule mnunuzi ndiye aliyetoa mkono, akaomba maji. Abti husimulia kisa hicho kila akipata mgeni, na humaliza kwa maneno yaleyale: "Mimi sijawahi kutoa mkono kwanza."

Sasa ndiyo nije kwenye karata.

Miaka miwili iliyopita, kijana wa duka la simu hapa mtaani kwetu Iftin alimwekea Abti mchezo wa poka kwenye simu. Si ule wa pesa. Huu unakupa vitu vya rangi vilivyo kama vifungo vya koti, nasi nyumbani tukaviita vifungo. Huwezi kuviuza wala kununulia hata mandazi. Unaanza na vifungo elfu kumi, na vikiisha kuna kitufe cha kijani unabonyeza, unapewa vingine.

Ayeeyo Weris, mama yake Abti na bibi yangu, aliziona karata kwenye simu. Kesho yake akamfuata ustadh wa madrasa ya mtaa. Ustadh akasema kama hakuna pesa wala chochote cha thamani, na sala haipitwi, hatasema kitu, ila yeye mwenyewe angependa mtu mzima ashike kazi nyingine. Ayeeyo akarudi, akamketisha Abti kwenye mkeka na kumpa uamuzi wake.

"Una vifungo vingapi?"

"Elfu kumi, Hooyo," Abti akamjibu mama yake.

"Vitumie hivyo. Siku vitakapoisha, umeacha. Kile kitufe cha kijani usikiguse."

"Sawa, Hooyo."

"Sawa si kitu. Apa."

Abti akaapa. Wallahi, vikiisha nafuta mchezo. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu dalali yeyote anaamini kwamba kitu kilichoko mkononi mwake hakiwezi kuisha.

Ayeeyo naye alifikiri ni jambo la wiki moja. Hakuna aliyejua kwamba mwezi uliofuata Abti Deeq angeingia kwenye mchezo huo.

Abti Deeq ni mdogo wake Abti Bishar. Yuko Minneapolis mwaka wa tisa sasa, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Zamani alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, lakini kila akipiga, Ayeeyo alimuuliza maswali mawili, utaoa lini na utakuja lini, na kadiri maswali yalivyorudi ndivyo simu zilivyopungua, mpaka tukawa tunasikia sauti yake Idi mbili kwa mwaka. Kisha Abti Bishar akamtumia mwaliko wa mchezo, kwa utani tu. Deeq akaukubali. Dada yao aliyeolewa Rhamu, Habaryar Sadiyo, yaani mama yangu mdogo, akaukubali pia. Ikawa kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, ambayo kule Minneapolis ni asubuhi na Deeq ndiyo ametoka kazini, wanafungua meza yao watatu, na pembeni wanapiga simu ya pamoja ili watukanane vizuri.

Hapo ndipo Ayeeyo aliposogeza mkeka wake. Alisema anafuata upepo, ingawa upepo wa Iftin jioni hautoki popote. Alikuwa anamsikiliza Deeq. Mtu aliyeulizwa swali kuhusu maisha yake hukimbia, lakini mtu anayecheza karata hujisahau akasema yote. Kwa njia hiyo Ayeeyo alijua kwamba Deeq amehama nyumba, kwamba alikuwa na kikohozi, na kwamba amejifunza kupika canjeero, ile mikate myembamba ya maji, na zinashika kwenye sufuria. Hakumuuliza kitu. Alivuta tasbihi yake na kutega sikio.

Ndiyo maana vifungo vya Abti Bishar viligeuka kuwa jambo la nyumba nzima. Deeq alifilisika mara kumi na mbili, na kila mara alibonyeza kitufe cha kijani akarudi. Abti hakuwa na kitufe. Vikiisha, mchezo unafutwa, na Jumamosi inafutika nao. Nilimuuliza Ayeeyo kwa nini hamwondolei tu kile kiapo. Akaniangalia kana kwamba nimependekeza tuuze paa.

"Kiapo si kiatu, Amran. Huvui ukiona kinabana."

Kwa asiyejua mchezo, ni hivi. Kila mtu anapewa karata mbili ambazo wenzake hawazioni. Katikati ya meza zinafunguliwa karata za wote, ambazo kila mtu huziunganisha na zake, kwanza tatu, kisha moja, kisha moja. Kila hatua unaamua: unaongeza vifungo, unafuata alivyoweka mwenzako, au unatupa karata zako na kupoteza ulivyokwisha kuweka. Ukipewa karata mbili zinazofanana una jozi mkononi, na umeanza na nguvu kabla meza haijafunguka. Jozi ya wafalme inashindwa na jozi moja tu, ya ree, ile karata yenye alama moja katikati. Ukiwapata wafalme wawili, moyo unaruka.

Shida ya Abti ilikuwa wafalme.

Karata ndogo alizicheza kwa akili. Alikuwa na subira ya kungoja mvua. Vile elfu kumi alivikuza mpaka vikafika elfu tisini, na Deeq akawa anamwita gavana. Lakini akipata jozi kubwa hakuweza kuiacha. Nakumbuka Jumamosi moja alikuwa na wafalme wawili, zikafunguka karata tatu na mojawapo ni ree. Mtu yeyote mwenye ree mkononi alikuwa amempita. Deeq akaweka vifungo. Sadiyo akaongeza. Abti akafuata, na Sadiyo akaongeza tena, na Abti akafuata mpaka mwisho. Sadiyo alikuwa na ree. Lundo la Abti likakatika nusu.

"Nilijua anayo," akasema.

"Ulijua, mbona ukafuata, Abti?"

"Ningetoaje mkono?"

"Mkono upi? Hii ni simu."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua kwa nini watu huvaa nguo. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa mlafi, wala hakuwa mjinga wa hesabu. Alikuwa bado chini ya shuka. Dada yake amempandishia bei, naye anaona aibu kuwa wa kwanza kujitoa.

Nililipeleka swali hilo kwa mwalimu wetu wa hesabu, bila kutaja jina la mtu, kwa sababu muhula huo tulikuwa tunasoma uwezekano. Nikamuuliza: mtu mwenye wafalme wawili awatupe lini? Alichora ubao mzima. Akatuonyesha kwamba wafalme wanashinda mara nyingi sana, na kwamba adui wakiongezeka wafalme wanachoka. Mwisho akafuta chaki mikononi akasema, "Lakini hesabu haijui aliyeketi mbele yako ni nani. Hilo mwenye wafalme ajue mwenyewe." Nilimpelekea Abti jibu hilo. Akasema mwalimu wangu angefaa sokoni.

Wafalme walimrudia mara mbili zaidi mwaka huo, na malkia mara moja, na kila mara alifuata mpaka mwisho. Ile Jumamosi ninayotaka kuisimulia ilimkuta na vifungo elfu kumi na moja.

Ilikuwa baada ya mvua ya Aprili, siku zile ambapo Garissa ina nzi wengi na kila mtu ana furaha. Abti alikuwa ameuza mafahali saba tangu asubuhi. Aliketi juu ya debe lililopinduliwa, kikoi kimekunjwa magotini, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mswaki wa kijiti mdomoni. Kuhusu mswaki ni lazima niseme jambo. Abti akiwa na karata mbaya mswaki hutembea kutoka shavu hadi shavu. Akiwa na nzuri, husimama. Ndugu zake hawauoni, kwa bahati yake.

Wao wanaongea Kisomali. Nimeyageuza maneno yao mimi.

"Gavana, umebakiwa na wadi ngapi?" Deeq aliuliza kutoka kwenye spika.

"Za kutosha kukuzika."

"Elfu kumi na moja naiona hapa. Hata chifu ana zaidi."

"Wewe umebonyeza kijani mara ngapi wiki hii?"

"Mara moja. Jumanne nilikuwa mgonjwa."

Ayeeyo akainua kichwa. Mgonjwa. Tasbihi ilisimama kidogo kisha ikaendelea.

Habaryar Sadiyo alikuwa anacheka huko Rhamu na nyuma yake tulisikia pampu ya maji. Wana shamba la vitunguu ukingoni mwa mto Daua. Habaryar ni mtu ambaye akinunua kiberiti hukifungua dukani ahesabu njiti. Katika miaka miwili hajawahi kutishia kwa karata mbovu. Akiweka, anacho. Deeq humwita benki.

Walicheza karibu saa nzima. Jua lilishuka nyuma ya mnara wa simu, na Ayeeyo akanituma nijaze birika la udhu. Niliporudi, mswaki ulikuwa umesimama.

Nikachungulia begani. Wafalme wawili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi.

Abti akaweka elfu moja na mia tano. Deeq akafuata bila kusita, anavyofuata kila kitu. Sadiyo akafuata naye, kimya. Zikafunguka karata tatu: nane, tano, mbili. Hakuna ree. Hakuna malkia. Karata ndogo zisizohusiana, kama mbuzi watatu wa watu tofauti waliokutana njiani. Nilifurahi kwa niaba yake. Meza gani ingewafaa wafalme zaidi ya hiyo?

Abti akaongeza elfu mbili na mia tano. Deeq akatupa.

"Nimetoka. Hapa kunanuka mfalme."

Pampu ilizimwa kule nyuma ya Sadiyo. Kisha kwenye kioo vifungo vyake vyote vikasogea katikati, lundo zima, zaidi ya vyote alivyokuwa navyo Abti.

Abti alibakiwa na elfu saba. Kufuata maana yake ni kuviweka vyote saba. Akishinda, anarudi kuwa gavana. Akishindwa, hana kitu, na kitufe cha kijani hakimhusu. Saa ya mchezo ikaanza kuhesabu sekunde thelathini, na Abti akabonyeza pale pa kuomba dakika moja ya ziada, ambayo unapewa mara moja tu kwa siku.

"Ana wafalme huyu," Deeq akasema. "Sikieni alivyonyamaza. Walaal, ndugu yangu, una wafalme?"

"Nyamaza nifikiri."

"Unafikiri nini? Lini umewahi kuwaacha? Sadiyo, jiandae, anakuja na mkono wake wote. Huyu hajawahi kutoa mkono tangu azaliwe. Wallahi, siku Bishar atakayotupa wafalme, mimi nanunua tikiti ya ndege nakuja Garissa niuone uso wake."

Sadiyo akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kicheko chake kisomwe.

Ayeeyo alikuwa ameacha kuvuta tasbihi. Hakuwa anajua nane wala tano, lakini alijua kimya cha mwanawe. Aliniuliza kwa macho, nami nikamwonyesha kwa mkono: vyote. Akashika ncha ya shuka yake na kuikunja.

"Hooyo," Abti akasema bila kugeuka, "unamjua Sadiyo kuliko mimi. Alipokuwa mdogo akificha kitu, alifanyaje?"

"Aliosha vyombo," Ayeeyo akajibu. "Bila kuambiwa."

"Mnanisema nikisikia," Sadiyo akasema kwenye spika.

Abti akaanza kuongea polepole, nusu na sisi, nusu na debe lake. "Mwenye fahali mzuri ambaye kila mtu anamwona, humleta mbele ya lango asubuhi na mapema, apige kelele. Anaogopa wengine wasije wakaharibu bei. Sadiyo akiwa na malkia wawili huongeza palepale, kabla meza haijafunguka. Akiwa na ree wawili, vilevile. Nimemwona mara ngapi? Hawezi kuvumilia Deeq aingie bure. Leo ameingia kimya. Ameketi nyuma, ameosha vyombo. Kwa hiyo hana kikubwa." Akazitazama tena zile karata tatu. "Au alikuwa na kidogo, na meza imemkuzia."

Nilitazama nane, tano, mbili. Mtu mwenye nane mbili mkononi sasa ana nane tatu. Mwenye tano mbili ana tano tatu. Na karata tatu zinazofanana zinawapita wafalme wawili. Wale mbuzi watatu wa njiani hawakuwa tena wapole machoni pangu.

"Sekunde arobaini," nikamwambia.

"Deeq angefuata hapa," Abti akasema. "Na angekuwa na haki. Mara nyingine Sadiyo angekuwa na jozi ya tisa, amechanganyikiwa, na wafalme wangemla. Lakini Deeq akikosea, kesho anabonyeza kijani. Mimi nikikosea..." Aligeuza macho kwenye mkeka, na Ayeeyo akajifanya anatafuta kandambili zake.

Ndipo maikrofoni ya msikiti ikapulizwa. Kila mtu Iftin anaijua pumzi ile. Muadhini wetu hupuliza mara mbili, hugonga mara moja, kisha huadhini.

"Aa," Deeq akasema, "nimeelewa. Anangoja adhana imtolee mkono."

Alikuwa amesema kweli, au karibu na kweli. Adhana ikianza Abti huweka simu chini hata kama anashinda, na mtu akiweka simu chini, saa ikiisha mchezo unamtupia karata zake wenyewe. Angeweza kukaa tu. Wafalme wangeondoka, elfu saba zingebaki, na hakuna ambaye angesema kwamba Bishar alitoa mkono. Angesema ilikuwa sala. Niliuona uso wake na nikajua wazo hilo limeshafika na limeketi.

Pumzi ya pili.

Abti akatoa mswaki mdomoni, akauweka juu ya kifuniko cha chupa. Akanyoosha kile kidole chake cha nusu, si kingine, akabonyeza palipoandikwa tupa. Mchezo ukamuuliza kama anataka kuzionyesha. Akabonyeza ndiyo.

Wafalme wawili wakageuka na kulala chali mbele ya ndugu zake, mwekundu na mweusi.

Kutoka Minneapolis nilisikia friji ya Deeq ikinguruma.

"Sadiyo," Ayeeyo akaita. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kuongea kwenye meza ile. "Ulikuwa na nini?"

"Hooyo, mchezo haulazimishi mtu aliyeshinda kuonyesha."

"Mimi si mchezo. Mimi ni mama yako."

Habaryar alihema. "Tano mbili."

"Na ya mezani?"

"Na ya mezani, tatu."

Abti Bishar akaketi wima kwenye debe lake. Hakushangilia. Alichukua kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, akanywa yote kwa mkono uleule uliomshinda mnunuzi wa Thika.

"Deeq," Ayeeyo akasema.

"Naam, Hooyo."

"Nimesikia wallahi."

"Hooyo, yale yalikuwa mazungumzo ya karata."

"Na cha ndugu yako kilikuwa kiapo cha nini? Cha mahindi?"

"Nilikuwa natania, Hooyo."

"Yeye naye aliapa huku akitabasamu. Nilimwona. Miaka miwili hajagusa kitufe." Alisimama, akajifunga shuka vizuri. "Aliyekaa na kiapo chake hapa ni Bishar. Sasa wewe kaa na chako huko, tuone. Na ile homa ya Jumanne, ulikunywa nini?"

"Nani alisema homa?"

"Ulisema mgonjwa."

"Maji ya tangawizi," Deeq akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Weka na ndimu," akasema Sadiyo. Adhana ikapanda, na Abti akaweka simu chini kifudifudi.

Niliwaza sana kuhusu jambo hilo wiki ile. Kila mtu anauliza wafalme watupwe lini, kana kwamba jibu liko ndani ya wafalme. Siku Abti alipokuwa na ree mezani aliona ameshindwa, akafuata. Siku meza ilipokuwa tupu na nzuri, akatupa. Nilimuuliza nini kimebadilika. Alikuwa anatia sabuni kikoi chake na hakuinua kichwa.

"Sokoni nikitoa mkono namtukana mtu," akasema. "Nilikaa nikifikiri, hapa namtukana nani? Sadiyo? Sadiyo alitaka nibaki ili anile. Nikaona aliyekuwa akiniheshimu pale ni mmoja tu, na alikuwa anatafuta kandambili zilizokuwa miguuni pake."

Siku ya soko iliyofuata niliruhusiwa kumpelekea chakula cha mchana, kwa vile shule ilikuwa imefungwa. Nilimkuta chini ya shuka na mnunuzi mnene wa kutoka Nairobi, wamesimama wanatazama pande tofauti kama watu wasiojuana. Wali ukapoa. Wenzake waliniambia nikae chini, hapa ni mpaka adhuhuri. Yule mnunuzi ndiye aliyetoa mkono, akaomba maji. Kwa hiyo msifikiri kwamba mtu hubadilika mwili mzima.

Alhamisi jioni picha ikaingia kwenye simu ya Abti. Tikiti. Minneapolis mpaka Nairobi, mwezi wa nane, tarehe kumi na nne. Chini yake Deeq alikuwa ameandika: *Mwambieni Hooyo maswali yake mawili limebaki moja.*

Nikaisoma kwa sauti. Ayeeyo akaniambia nisome tena tarehe. Kisha akaniambia nisome tena. Halafu akaingia ndani, tukamsikia anavuta sanduku chini ya kitanda, akatoka na shuka mpya ambayo hakuna aliyejua anayo, akaianika kwenye kamba ili harufu ya dawa ya nondo itoke. Miezi minne kabla.

Akaja akasimama mbele ya debe la Abti.

"Bishar. Mtoto anakuja. Sasa hivyo vifungo, ukitaka, vipoteze. Sina neno."

Abti alikuwa ameshaegemeza simu kwenye chupa ya chai, ingawa Jumamosi ilikuwa bado siku mbili. Mswaki ulitembea kutoka shavu la kulia hadi la kushoto.

"Sitaki, Hooyo," akasema. "Akirudi huko Septemba, tutamsikilizia wapi?"

Ayeeyo akafikiri. Kisha akasogeza mkeka wake karibu na debe, akaketi, akaniambia nimweleze polepole, tangu mwanzo, hiyo ree ni ipi.